Semla Haikuzaliwa Ofisini

Mheshimiwa Sitwayeni Komisere wa Zoni; Ndugu viongozi wa Chama; Sitwayeni Okito, mkurugenzi wa bulanjeri yetu, nyumba hii ya mikate; Ndugu wageni waalikwa kutoka gatini na stesheni; wafanyakazi wenzangu wa unga na wa moto; na wewe Mama Hawa, ambaye nimekutaja mwisho kwa sababu ndivyo viti vilivyopangwa, si kwa sababu ndivyo haki inavyotaka: nawasalimu wote.

Karani amenipa karatasi yenye maneno ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Ni mistari sita. Inamshukuru Sitwayeni Okito mara nne na Mama Hawa mara moja. Nimeikunja, iko mfukoni, na humo itabaki. Mimi ni mchochea moto. Nilisoma madarasa matatu kwetu Lubero, kisha baba akafa na kalamu ikageuka jembe. Kwa hiyo nikikosea heshima ya maneno, mnihesabie kuwa ni ujinga. Nikisema kweli, msinihesabie kuwa ni ujinga.

Tumekusanywa hapa kumuaga Mama Hawa binti Hamadi, anayestaafu na kurudi kwao Kibombo. Mbele yenu mnaona mifuko miwili ya unga wa ngano, imefungwa utepe wa kijani. Hiyo ndiyo zawadi yake. Kando ya mifuko mnaona karatasi yenye muhuri. Hiyo hamkuelezwa. Nitawaeleza mimi, kwa kuwa jana saa sita niliitwa ofisini, nikapewa kalamu, nikaambiwa kwamba leo nitaitia sahihi kama shahidi.

Karatasi ile imeandikwa kwa Kifaransa, na Mama Hawa hasomi Kifaransa. Mimi nasoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini nilivuka. Inasema kwamba Hawa binti Hamadi anajifunga kutotengeneza wala kuuza, iwe Kindu, iwe Kibombo, iwe mahali pengine popote, mkate mtamu wenye kifuniko unaoitwa sasa Mkate wa Mei Ishirini, kwa sababu mkate huo ni uvumbuzi wa nyumba hii. Akitia kidole, anapewa unga. Asipotia, unga unarudi stoo.

Ndugu wageni, nawauliza: mmewahi kuona wapi mtu akipewa unga na kukatazwa mkate?

Nilipomuuliza Sitwayeni Okito jambo hilo jana, hakukasirika. Alicheka. Alisema, "Mbusa, weye njo muntu ya moto, hauko muntu ya maneno. Tia sahihi, urudie moto yako." Nikarudi kwenye moto wangu. Lakini moto ni mahali pabaya pa kumrudisha mtu unayetaka asahau, maana mbele ya moto hakuna kazi nyingine ila kukumbuka.

Basi nitakumbuka mbele yenu. Huo mkate mliokula asubuhi hii, wengine mmoja, wengine wawili, na Mheshimiwa Komisere naona bado una unga wa sukari kwenye sharubu, huo mkate jina lake ni semla. Nimelitaja. Mwaka mzima limekatazwa ndani ya bulanjeri, eti ni jina la kikoloni. Ukilisema kaunta, unaambiwa bidhaa hiyo haipo, na huku mkate wenyewe unakutazama kwenye kioo.

Nilifika Kindu mwaka wa 1958 juu ya lori la maharagwe lililokufa Lubutu na kufufuliwa mara mbili njiani. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Nikapata kazi ya kupasua kuni kwenye dispansari ya misioni, iliyokuwa ikisimamiwa na nesi mmoja kutoka Uswidi, Mamuzeli Marta. Jikoni alikuwa Mama Hawa, wakati ule si mama wa mtu yeyote, ila msichana mrefu aliyenitazama siku ya kwanza akasema, "Huyu wa milimani wamemuleta kupasua kuni ao kuni njo zitamupasua?" Tangu siku hiyo tumefanya kazi pamoja. Ni miaka kumi na saba. Mikono yangu hii, alama zote mnazoziona, ni za matanuri yake.

Kulikuwa na Jumanne moja, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mamuzeli Marta aliingia jikoni tangu asubuhi na kusema kwamba kwao siku hiyo lazima watu wale semla. Kwao, alisema, zamani watu walikuwa wakifunga mpaka Pasaka, na kabla ya kufunga walikula vyote vyenye mafuta na utamu. Kisha wakaacha kufunga. "Na mukate?" Hawa akauliza. Mkate hawakuuacha, alisema Mamuzeli, na alisema kwa aibu kidogo. Hawa alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini mkate ule ulihitaji vitu ambavyo Kindu havikuwapo. Ulihitaji lozi, hatukuwa na lozi. Ulihitaji malai mazito, yale mafuta ya juu ya maziwa. Kwa joto letu malai yanakuwa maji kabla hujafunga mlango. Na ulihitaji kiungo kimoja ambacho Mamuzeli alikuwa amekileta katika kopo, na kopo lilikuwa limekwisha tangu Krismasi. Alikuwa amesimama na kopo tupu, akilinusa. Hawa akaenda nyumbani kwa baba yake, Mwalimu Hamadi, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani, akarudi na kifundo cha kitambaa. Alikifungua juu ya meza. Ilikuwa iliki, ileile inayotiwa katika chai ya waungwana wa mji huu tangu enzi za babu zao. Yule mwanamke wa Uswidi alitia pua katika kitambaa, akakaa juu ya gunia langu la mkaa na nguo yake nyeupe, akalia.

Mahali pa lozi, Hawa aliweka karanga, akazitwanga na sukari. Mahali pa malai, alipika maziwa ya unga pamoja na mayai mpaka yakasimama kwenye kijiko. Mkate ukaiva, ukakatwa juu, ukatolewa nyama yake ya ndani, ikachanganywa na karanga, ikarudishwa, maziwa yakawekwa, kifuniko kikafunikwa. Nawauliza, Ndugu wageni: katika hayo yote, kiti cha Sitwayeni Okito kilikuwa wapi? Mwaka huo wa 1958, ofisi yenye muhuri ilikuwa upande gani wa karanga?

Kwao semla huliwa katika sahani ya kina, ndani ya maziwa ya moto. Mamuzeli akawapa wagonjwa hivyohivyo. Nanyi wazee wa Kindu mnakumbuka kilichofuata, msijifiche. Kwa kuwa ilitoka dispansari, katika sahani, ikiwa moto, mji mzima uliamini kwamba ni dawa. Wiki nzima watu walipanga mstari na kadi zao za matibabu. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na ndoto mbaya, na mzee mmoja wa gatini, ambaye leo ameketi katika safu ya pili na sitamtaja, alisema maradhi yake yanahitaji semla tatu kwa siku, baada ya chakula. Mamuzeli aliwaambia si dawa. Waliitikia kwa adabu, wakabaki kwenye mstari.

Sasa nije kwenye neno, maana neno ndilo lililotiwa hatiani.

Mimi niliuliza maana yake. Mamuzeli aliliandika kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani, herufi tano, na hilo ndilo neno la kwanza nililojifunza kuandika baada ya kuacha shule. Alisema kwao wengi wanalitamka bila kujua lilikotoka, lakini baba yake alikuwa mwalimu na alimfundisha. Waswidi hawakulitunga. Walilipata kwa Wajerumani, walioipa mikate midogo myeupe jina kama hilo. Wajerumani walilipata katika Kilatini, kile cha misa za mapadri, ambamo neno lile halikuwa mkate hata kidogo. Lilikuwa unga tu, unga laini wa ngano, uliopepetwa. Na Walatini nao, alisema, walilitoa neno hilo kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa watu wa mashariki, na huko mbele wenye vitabu wanasema hili na lile.

Hawa alimpelekea baba yake habari hiyo jioni, kama mtu anavyopeleka habari ya msiba au harusi. Siku ya pili alikuja na jibu. Mwalimu Hamadi alikuwa amesema kwamba Waarabu nao wana neno samidi, na maana yake ni unga mzuri wa ngano. Na kwamba kama wenye vitabu wa Mamuzeli wanasema kweli, basi neno hilo limeondoka mashariki likazunguka baridi yote ya Ulaya, na limefika Kindu likimkuta ndugu yake ameketi barazani. Mamuzeli alipoambiwa, alikwenda mwenyewe kumsalimu yule mzee. Walikaa saa nzima, kila mmoja na Kiswahili chake, wakizungumzia unga.

Mimi si mwalimu. Siwezi kuapa kwamba njia ya neno ilipita kila kituo walichokitaja. Lakini jambo moja niliona, na halihitaji cheti. Watu wote waliolipokea neno lile walilipokea pamoja na unga, wakaweka chao juu yake, wakalipitisha. Hakuna aliyelifungia mlango. Mjerumani hakumfuata Mswidi na karatasi. Mswidi hakumfuata Hawa na karatasi. Sasa anatokea mtu wa kwanza, katika safari yote hiyo ndefu, wa kusema: limeishia kwangu. Na mtu huyo hajui kukanda.

Sitwayeni Komisere, naomba nisieleweke vibaya. Sisemi juu ya sheria ya nchi kuhusu majina. Mimi mwenyewe nilikuwa Jérôme. Ilipotoka amri ya kuacha majina ya Kizungu na kuitana sitwayeni, yaani raia, nilikwenda ofisini, nikalivua jina kama kofia, nikabaki Mbusa, ambalo kwetu hupewa mtoto wa kiume wa sita. Sikusema neno. Nilinyamaza kwa ajili ya jina langu, na sioni haya kukiri, kwa kuwa jina langu halikuwa likimlisha mtu.

Lakini hebu tuweke hoja mbili za mkurugenzi wetu juu ya meza moja. Hoja ya kwanza: mkate huu ni wa wageni, ndiyo maana jina lake lazima life. Hoja ya pili: mkate huu ni uvumbuzi wa nyumba hii, ndiyo maana Mama Hawa asiuguse. Kama ni wa wageni, aliuvumbua lini? Na kama aliuvumbua yeye, kwa nini analiogopa jina la mtoto wake mwenyewe? Achague moja. Mbuzi hawezi kuwa wa jirani siku ya kulipia shamba lililoliwa, na kuwa wangu siku ya kuchinja.

Aliingia bulanjeri hii Januari ya mwaka jana, mfanyabiashara wa kigeni aliyeijenga na kutuajiri mimi na Hawa alipoondolewa na nyumba ikakabidhiwa kwake kwa barua. Siku ya kwanza aliniuliza tanuri iko mlango gani. Sikumcheka, kila mtu ana siku yake ya kwanza. Lakini wiki ya tatu alitoa amri semla isipikwe tena kabla ya Kwaresima wala kabla ya Ramadhani, ipikwe Mei tu, kwa sikukuu ya Chama, na juu yake ichorwe mwenge wa Chama.

Wageni wa kutoka mbali labda hawajui alichokivunja hapo. Mama Hawa ni Mwislamu. Alipojifunza kwamba huu ni mkate wa kuaga chakula kabla ya mfungo, alisema sisi nasi tuna mfungo. Tangu mwaka huo semla ilipikwa mara mbili: siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, na siku ya mwisho kabla ya Ramadhani. Na desturi ikawa hivi, haikuandikwa na mtu: anayekaribia kufunga hanunui yake. Jirani wa dini nyingine ndiye anayemletea, katika sahani iliyofunikwa, na kumwambia, "Kula, kesho hautakula." Mimi Mkristo nililetewa semla na Waislamu wa mtaa wangu mwaka baada ya mwaka, mpaka ilipotoka amri hiyo. Mtu aliye mbali na kwao anajua sahani kama hiyo ina uzito gani. Miaka mingine ilikuwa ndiyo barua pekee niliyopata.

Mei ilipofika, tulipika mikate ya mwenge. Watu walinunua kwa adabu. Hakuna sahani hata moja iliyovuka barabara. Na leo ameagiza ipikwe nje ya Mei, ili awaonyeshe wageni uvumbuzi wake.

Na katika mwaka wa 1964, nani aliutunza mkate huu? Mji ulipoingia vitani tulikimbilia msituni. Wengine walibeba magodoro, mwingine cherehani. Hawa alibeba chungu kichwani. Mimi nilidhani ni asali, nikamheshimu. Usiku wa kwanza akakifungua: ni chachu. Unga uliochacha, ule ule wa dispansari, unaohitaji kulishwa kila siku kama mtoto. Nikamwambia amerukwa na akili. Akasema, "Mbusa, godoro nitapata ingine. Hii ikikufa, nitaianzisha na nini?" Ngano ilipokwisha aliilisha unga wa mchele wa Kibombo, na chachu ikakasirika, ikanuka, lakini ikaishi. Mamuzeli Marta alikuwa ameondoka kwa ndege na nguo alizovaa. Tuliporudi mjini hatukukuta meza, wala madirisha, wala kitanda cha mgonjwa. Tulikuwa na chungu. Mkate mliokula leo umetoka katika chungu kile. Je, Sitwayeni Okito, huo nao ni uvumbuzi wa nyumba hii? Mwaka huo nyumba hii ilikuwa bado ni majani.

Mamuzeli alitusimulia kwamba mfalme mmoja wa kwao, miaka mia mbili iliyopita, baada ya karamu kubwa alikula semla kumi na nne, na asubuhi hakuamka. Alikuwa na haki ya kula. Ufalme wote ulikuwa wake. Hakuwepo mtu mezani wa kumwambia inatosha. Naona watu wameanza kutazama viatu vyao. Nimesema mfalme wa Uswidi. Karani, andika hivyo, wa Uswidi, kwa herufi kubwa.

Nimesema kwa hasira, najua. Mgongo wangu umechoka na hasira ni kitu cha mwisho kinachonisimamisha wima. Lakini fikirini anachoombwa mwanamke huyu. Hana mume, alikufa. Anarudi Kibombo akiwa na mikono miwili na ujuzi mmoja. Huko stesheni treni inasimama, abiria wana njaa, na hakuna mkate. Alikuwa amepanga kila kitu: tanuri la udongo, kibanda, bango dogo. Sasa anaambiwa akakae, atazame treni zikipita, kwa kuwa mtu wa Kindu ambaye hajui kukanda anaogopa kwamba abiria wa Kibombo watakula vizuri.

Mama Hawa, naona unaniashiria nikae. Nitakaa. Umeniambia nikae miaka kumi na saba na mara zote nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri. Niruhusu nimalizie, kwa kuwa la mwisho ni lako.

Asubuhi hii, wakati anafunika kifuniko cha semla ya mwisho, nilimuuliza atafanya nini na karatasi ile. Alijifuta mikono kwa aproni. Alisema, "Unga yao wabakie nayo. Mimi nilikuja na iliki, nitaenda na iliki." Kisha akaniambia niangalie moto, kwa kuwa trei ya Mheshimiwa Komisere ilikuwa inaungua upande mmoja.

Basi, Sitwayeni Okito, mifuko yako ifunguliwe utepe na irudi stoo. Hakuna kidole kitakachotiwa. Na ukitaka kutuma mtu kule chumba cha unga kutafuta chungu, usimchoshe. Chungu kiliondoka kwa treni ya Ijumaa, mapajani mwa dada yake, kikombe kimoja cha chachu kilichobaki kimeishia katika mikate ya leo, na jana dereva wa treni alituletea salamu kwamba kimefika Kibombo na kimekwishalishwa mara tatu. Mwenyewe anakifuata leo saa nane. Na kesho, wenzangu Wakristo wa mji huu, tunaanza kufunga. Mkurugenzi alipochagua tarehe ya sherehe hii hakuangalia kalenda ya mapadri, siku hizi haitundikwi. Kwa hiyo bila kujua ametulisha semla siku yake hasa, na kwa hilo tu, kwa moyo wangu wote, namshukuru.

Namshukuru Mheshimiwa Komisere kwa kutonikatisha. Nawashukuru wageni kwa uvumilivu wenu. Mama Hawa, kwa sahani zote zilizovuka barabara, Mungu akulipe, maana sisi hatuwezi. Asanteni nyote kwa kumsikiliza mtu wa moto. Kalamu nairudisha hapa, Sitwayeni Okito, juu ya karatasi yako. Wino wake haujapungua.